Istilahi za Breki za Haidroliki katika Baiskeli ya Umeme

Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa kutengeneza breki za baiskeli ya umeme, tukaombwa tuikague lugha yake kabla haijapigwa chapa. Rasimu ile iliandikwa kwa Kiswahili safi, na yaonekana mfasiri wake alijitahidi sana. Lakini katikati yake tulikuta sentensi hii: "Kama mafuta ya breki yamepungua, ongeza mafuta ya breki." Kwa sarufi, sentensi hiyo haina kasoro hata moja. Kwa fundi atakayeifuata yaweza kuwa hatari. Tulipoilinganisha na matini ya asili tuliona kwamba matini ilitaja vitu viwili: kiowevu cha aina moja kilichoruhusiwa, na kiowevu cha aina nyingine kilichokatazwa kabisa. Mfasiri aliviita vyote viwili "mafuta ya breki". Jina lilipokuwa moja, katazo nalo likakosa maana, akaliacha.

Jambo hili lilitufanya tuipitie rasimu nzima upya, si kwa jicho la sarufi tu bali kwa jicho la mtu aliyeshika spana. Makala haya ni matokeo ya kazi hiyo. Tutaeleza kwanza breki hizi zafanyaje kazi, kwani haiwezekani kulipa jina jambo usilolielewa. Kisha tutapima majina ya sehemu zake, tutalichambua neno "mafuta" kwa undani, na mwisho tutatoa mfano wa maelekezo pamoja na orodha ya istilahi tunazozipendekeza.

I. Breki hizi na kazi yake

Breki ya baiskeli tuliyoizoea hutumia waya au vyuma. Mpanda baiskeli akivuta mkono wa breki, waya huvuta raba mbili zikabana ukingo wa gurudumu. Breki ya haidroliki haina waya. Ndani yake mna kiowevu kilichofungiwa katika paipu nyembamba. Mkono ukivutwa, pistoni ndogo iliyo katika silinda kuu hukisukuma kiowevu hicho, nacho husukuma pistoni kubwa zaidi zilizo karibu na gurudumu. Pistoni hizo huzibana pedi mbili juu ya diski ya chuma iliyofungwa katikati ya gurudumu, na msuguano wa pedi na diski ndio unaopunguza mwendo.

Kanuni inayotumika hapa ni ile ya Blaise Pascal, mwanachuoni wa Ufaransa wa karne ya 17, ya kwamba kanieneo ikiongezwa mahali pamoja katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Tuchukue mfano. Pistoni ya silinda kuu ikiwa na kipenyo cha milimita 10, eneo lake ni kama milimita mraba 79. Pistoni ya gurudumuni ikiwa na kipenyo cha milimita 22, eneo lake ni kama milimita mraba 380. Kanieneo ni ile ile, lakini eneo ni karibu mara tano, na kwa hiyo kani inayosukuma pedi nayo ni karibu mara tano. Wasomaji watatambua hapa ubora wa istilahi yenyewe ya kanieneo. Imeundwa kwa kuunganisha kani na eneo, na aliyeielewa amekwisha kuelewa nusu ya somo.

Kwa nini baiskeli ya umeme ihitaji breki za namna hii? Kwa sababu ni nzito na ina kasi. Baiskeli ya kawaida yenye kilo 15, ikimchukua mtu wa kilo 75 kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, ina nishati mwendo ya kama juli 1,125. Baiskeli ya umeme ya kilo 25, ikimchukua mtu yule yule kwa kilomita 25 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha msaada wa mota katika nchi za Umoja wa Ulaya, ina nishati mwendo ya kama juli 2,410. Hiyo ni zaidi ya mara mbili. Nishati hiyo yote, baiskeli inaposimamishwa, hugeuzwa kuwa joto katika diski na pedi. Joto hilo ndilo litakaloturudisha kwenye suala la mafuta.

II. Majina ya sehemu

Katika kutafuta majina tulifuata utaratibu unaojulikana: kutazama kwanza Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, na kukopa mahali pengine pale tu panapolazimu. Lakini twapenda kusisitiza kwamba neno lililokwisha kukopwa na mafundi, likatamkwa Kiswahili na likanyambuliwa Kiswahili, si geni tena. Breki, spana, nati na pistoni ni maneno yetu. Atakayejaribu kuyafukuza atabaki akizungumza peke yake.

Mkono wa breki. Wapo wanaopendelea "wenzo wa breki", na katika somo la fizikia wenzo ndiyo istilahi sahihi. Katika mwongozo wa fundi, hata hivyo, twaona "mkono wa breki" latosha, mradi mfasiri aangalie mpangilio wa maneno. "Mkono wa breki" ni kile kipande kinachovutwa kwa vidole, na "breki ya mkono" ni ile ya kuzuia gari lililoegeshwa. Maneno ni yale yale, lakini vitu ni tofauti.

Paipu ya breki. Rasimu iliandika "mpira wa breki". Jina hilo limekwisha kubeba mizigo mingi mno. Mwendesha baiskeli wa kawaida akisikia "mpira wa breki" atafikiri juu ya raba inayobana ukingo wa gurudumu. Fundi wa magari atafikiri juu ya kile kipete cha mpira kinachozuia uvujaji. "Bomba", ambalo tulilipokea zamani kutoka Kireno, nalo lina maana ya kitu kipitishacho maji na pia chombo cha kusukumia, na katika kazi hii hii tutahitaji bomba la sindano. Kwa hiyo twapendekeza "paipu ya breki".

Kalipa. Hiki ni kile kipande cha chuma kinachoikumbatia diski, chenye pistoni na pedi ndani yake. Palikuwa na pendekezo la kukiita "koleo la breki", na hatukosi kulisifu pendekezo hilo, maana kalipa hubana diski kama koleo libanavyo kaa la moto. Kikwazo ni kwamba koleo lenyewe limo katika kisanduku cha fundi. Sentensi kama "shika koleo kwa koleo" itamchanganya mtu yeyote. Twaona afadhali kutumia "kalipa", neno linalotamkika bila taabu.

Pedi ya breki. Hapa kosa ni dogo kwa macho na kubwa kwa matokeo. Baiskeli ina pedi, na baiskeli ina pedeli, yaani mahali pa kukanyagia. Mpiga chapa akisahau silabi moja, au akiongeza moja, "badilisha pedi" hugeuka kuwa "badilisha pedeli". Twashauri neno "pedi" lisiachwe peke yake katika kichwa cha habari wala katika orodha ya vipuri. Daima liandikwe "pedi ya breki".

Yafaa pia kutofautisha aina za pedi. Zipo pedi za rezini, na zipo pedi za unga wa chuma ulioshindiliwa kwa joto. Baadhi ya diski za kampuni ya Shimano zimepigwa chapa inayoruhusu pedi za rezini peke yake. Mfasiri akiziita aina zile za pili "pedi za chuma" kwa ufupi, msomaji aweza kudhani kwamba anaambiwa habari ya bamba la nyuma, ambalo huwa la chuma katika aina zote mbili.

Breki ya mbele na breki ya nyuma. Baadhi ya miongozo husema "breki ya kulia" na "breki ya kushoto", ikimaanisha mkono unaoivuta. Katika Uingereza ni desturi mkono wa kulia kuvuta breki ya mbele. Katika Marekani na nchi nyingi za Bara la Ulaya kazi hiyo ni ya mkono wa kushoto. Tafsiri ya neno kwa neno yaweza basi kumfanya msomaji wa nchi moja ashughulikie gurudumu ambalo halikukusudiwa. Majina yafuate gurudumu, yasifuate mkono.

III. Mafuta ambayo si mafuta

Sasa twaingia katika kiini cha makala haya. Breki za haidroliki za baiskeli hutumia viowevu vya namna mbili. Cha kwanza ni mafuta ya madini, yatumikayo katika breki za Shimano, Magura na Tektro. Cha pili ni kiowevu kiitwacho DOT, kwa herufi za mwanzo za jina la Wizara ya Usafirishaji ya Marekani iliyokiwekea viwango vyake. Hicho ndicho kitumikacho katika magari, na kimetumika kwa miaka mingi katika breki za SRAM na Hayes. Jina la kampuni pekee halitoshi kuwa dalili, kwani SRAM nayo katika miaka ya karibuni imetoa breki zitumiazo mafuta ya madini. Jambo la kuaminiwa ni maandishi yaliyo juu ya breki yenyewe na katika mwongozo wake.

Viowevu hivi viwili havibadilishani hata kidogo. Sili za breki, yaani vile vipete vya mpira vinavyozuia uvujaji, hutengenezwa kwa mpira wa aina inayopatana na kiowevu kimoja. Ukitia DOT katika breki ya mafuta ya madini, au mafuta ya madini katika breki ya DOT, sili huvimba na kuharibika. Pistoni hukwama au breki huvuja. Uharibifu huo hauonekani papo hapo. Baiskeli huondoka karakana ikiwa nzima, na breki huweza kufa siku kadhaa baadaye, mpandaji akiwa mteremkoni. Na sili zikisha kuharibika, kusafisha hakufai kitu. Aghalabu ni lazima breki nzima itupwe.

Tujiulize sasa: je, ni haki kukiita kiowevu cha DOT "mafuta"? Tuiulize lugha yenyewe. Kila Mswahili ajua kwamba maji na mafuta havichangamani. Ndiyo sifa ya kwanza ya mafuta, na mtoto jikoni huijua kabla hajajua kusoma. Mafuta ya nazi huelea juu ya maji, na mafuta ya taa vivyo hivyo. Sasa DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 huchangamana na maji. Tena, huyanyonya maji kutoka hewani. Kwa kipimo cha Kiswahili chenyewe, basi, viowevu hivi si mafuta. Mafuta ya madini ya breki ndiyo mafuta kweli, maana maji yakiingia humo hujitenga.

Tofauti hii si ya maneno matupu. DOT 4 mpya, isiyo na maji, hairuhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Sentigredi. Ikisha kunyonya maji, kipimo chake hushuka hadi nyuzi 155. Ndiyo sababu chupa iliyofunguliwa haifai kuwekwa kwa muda mrefu, na kiowevu kilichomo katika breki hubadilishwa kila baada ya muda. Katika breki ya mafuta ya madini maji huteremka yakatulia mahali pa chini kabisa, napo ni ndani ya kalipa, palipo na joto kuliko pengine pote. Maji yakichemka huwa mvuke, na mvuke hubonyea. Mpandaji huvuta mkono hadi ukagusa usukani, na baiskeli isipunguze mwendo.

Twafahamu vema pingamizi litakaloletwa. Mafundi wa magari wamesema "mafuta ya breki" kwa miongo mingi, na kila aendaye dukani husema hivyo hivyo. Je, Baraza liwakataze? La. Hatuna uwezo huo, wala hatuoni faida yake. Katika gari, ambamo kwa kawaida hutumika kiowevu cha jamii moja, jina hilo halikuleta madhara makubwa. Shida imeanza pale baiskeli ya umeme ilipoingia katika karakana ile ile, ikashikwa na fundi yule yule, na chupa ikachukuliwa katika rafu ile ile. Jina lililofaa mahali penye kitu kimoja halifai tena mahali penye vitu viwili.

Kwa hiyo pendekezo letu ni hili. Jina la jumla liwe "kiowevu cha breki". Chini yake ziwe aina mbili: "mafuta ya madini ya breki" na "kiowevu cha DOT". Neno "mafuta" libaki kwa kile ambacho ni mafuta kweli. Katika maandishi ya maelekezo, "mafuta ya breki" lisitumike bila kutajwa aina yake, na katazo la kuchanganya liandikwe kila mahali kiowevu kinapotajwa kwa mara ya kwanza katika sura. Katika mazungumzo ya karakana watu na waseme wapendavyo, lakini karatasi iliyobandikwa ukutani iwe na jina kamili. Tena "mafuta ya madini" yasikatwe mwisho wake, maana msomaji aweza kudhani ni mafuta yoyote yachimbwayo ardhini, akatia ya injini au ya taa.

Twaongeza tahadhari moja kwa wapiga chapa. DOT 5 na DOT 5.1 si kitu kimoja. DOT 5 hutengenezwa kwa silikoni, nayo haichanganywi na DOT nyingine. DOT 5.1 ni ya jamii moja na DOT 3 na DOT 4. Nukta na tarakimu moja zikidondoka, kiowevu kimebadilika. Msomapruufu avitazame vyote viwili kama anavyotazama jina la dawa.

IV. Kutoa upepo

Hewa ikiingia katika paipu ya breki, mkono huwa laini kama sifongo, kwani hewa hubonyea na kiowevu hakibonyei kwa urahisi. Kazi ya kuiondoa ina jina katika Kiingereza linalotokana na kitenzi cha kutoa damu. Mfasiri afuataye neno kwa neno ataandika "kutoa damu breki", na fundi atacheka kabla hajafanya kazi. Katika rasimu tuliyoikagua mfasiri alikwepa kosa hilo, lakini akaangukia jingine: aliandika "kumwaga kiowevu". Huko ni kumwagiza fundi aikaushe breki na kuijaza hewa, kinyume kabisa cha lililokusudiwa.

Mafundi wetu wanalo jina tayari: kutoa upepo. Mtu aweza kusema kwamba upepo ni hewa iendayo, na hewa iliyofungiwa si upepo. Lakini tairi nalo hujazwa upepo, hupungua upepo na huisha upepo, na hakuna aliyepotoka kwa kusikia hivyo. Isitoshe, jina la Kiingereza hutaja kile kinachoonekana kwa macho, yaani kiowevu kinachodondoka. Jina la mafundi hutaja shabaha ya kazi yenyewe. Twaliona ni bora kuliko la asili, na twalipendekeza liingie katika maandishi rasmi.

V. Mfano wa maelekezo

Ili istilahi zipimwe katika matumizi, twatoa hapa mfano wa maelekezo ya kubadilisha pedi za breki na kutoa upepo katika breki ya baiskeli ya umeme itumiayo mafuta ya madini, kwa utaratibu wa breki nyingi za Shimano. Kila mtengenezaji ana mwongozo wake, nao ndio wa kufuatwa.

1. Zima mota, kisha toa betri. Subiri diski ipoe.

2. Toa gurudumu. Tangu sasa usivute mkono wa breki, maana pasipo diski katikati yake pistoni zitatoka mno.

3. Toa pedi za breki uzikague. Tabaka la msuguano likibaki milimita 0.5, pedi hubadilishwa. Diski nayo ipimwe unene. Diski nyingi za Shimano huwa na milimita 1.8 zikiwa mpya, na zikifika milimita 1.5 hubadilishwa.

4. Rudisha pistoni ndani pole pole kwa kifaa cha plastiki. Kama hakuna haja ya kutoa upepo, tia pedi mpya, kisha nenda hatua ya 9.

5. Kama mkono ulikuwa laini, toa upepo. Weka kizuizi cha pistoni mahali pa pedi. Uweke mkono wa breki ukae sambamba na ardhi, fungua skrubu iliyo juu ya silinda kuu, na ufunge faneli hapo.

6. Jaza mafuta ya madini ya breki katika bomba la sindano. Usitumie kiowevu cha DOT. Unganisha bomba hilo na chuchu ya kalipa kwa mpira mwembamba, legeza chuchu, na usukume mafuta yapande hadi yatoke katika faneli bila mapovu. Kisha kaza chuchu.

7. Gonga paipu kidogo kidogo na uvute mkono mara kwa mara ili mapovu yaliyosalia yapande. Mkono ukiwa mgumu, funga faneli kwa kizibo chake, uitoe, na urudishe skrubu.

8. Futa mafuta yote yaliyodondoka kwa kitambaa na spiriti. Tia pedi za breki. Pedi iliyolowa mafuta haisafishiki ikaaminika. Itupwe.

9. Rudisha gurudumu. Vuta mkono mara kadhaa hadi pedi ziguse diski. Sukuma baiskeli kwa miguu na ujaribu breki kabla hujaipanda.

10. Zoesha pedi mpya mahali salama pasipo magari: endesha, kisha punguza mwendo kwa breki bila kusimama kabisa, mara 20 hivi.

Wasomaji wataona kwamba katika hatua ya 6 katazo limo ndani ya hatua yenyewe. Halikuachwa katika dibaji. Fundi mwenye mikono michafu hafungui kurasa za nyuma. Wataona pia kwamba tumesema "zoesha", ambalo ni neno la kila siku, badala ya kuunda istilahi mpya. Pedi na diski huzoeana, na kila msomaji huelewa mara moja.

VI. Kubadilisha breki nzima

Panapokuwa na sili zilizoharibika au paipu iliyopasuka, mara nyingi huwa nafuu kubadilisha breki nzima. Mambo mawili hapa yahitaji uangalifu wa lugha.

La kwanza ni swichi ya kukatia mota. Baiskeli nyingi za umeme zenye mota ndani ya gurudumu zina swichi ndogo katika mkono wa breki. Mkono ukivutwa tu, umeme wa mota hukatwa. Fundi akifunga mkono wa kawaida usio na swichi, breki itashika, lakini mota yaweza kuendelea kusukuma kwa muda. Katika rasimu, swichi hiyo iliitwa "swichi ya breki" tu. Msomaji aweza kudhani ni ile iwashayo taa ya nyuma, akaona haina umuhimu. Jina litaje kazi: "swichi ya kukatia mota".

La pili ni vipimo. Diski huuzwa kwa kipenyo, mathalan milimita 160, 180 au 203, na kalipa hufungwa kulingana na kipenyo hicho. Neno "ukubwa" peke yake halitoshi, kwani laweza kueleweka kuwa unene. Iandikwe "kipenyo cha diski" na "unene wa diski". Kadhalika, "kaza sana" si kipimo. Shimano hutaka bolti za kalipa zikazwe kwa newtoni mita 6 hadi 8, na bolti sita za diski kwa newtoni mita 2 hadi 4. Mfasiri asizidondoshe tarakimu hizi kwa kudhani kwamba fundi anajua mwenyewe. Bolti nyembamba ikikazwa kupita kiasi hukatika, na ikilegea, diski hucheza.

VII. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Diski ya breki: sahani ya chuma iliyofungwa katikati ya gurudumu, inayobanwa na pedi.

Kalipa: kipande kinachoikumbatia diski, chenye pistoni na pedi za breki.

Kiowevu cha breki: jina la jumla la kiowevu chochote kipelekacho kanieneo katika breki ya haidroliki.

Kiowevu cha DOT: kiowevu cha breki kilichotengenezwa kwa viwango vya DOT. Hutajwa daima pamoja na namba yake.

Kutoa upepo: kuondoa hewa katika paipu, silinda kuu na kalipa.

Kuzoesha pedi: kuzitumia pedi mpya kwa utaratibu hadi zishike diski barabara.

Mafuta ya madini ya breki: mafuta maalumu ya breki zisizotumia DOT.

Mkono wa breki: kipande kinachovutwa kwa vidole.

Paipu ya breki: njia ya kiowevu kutoka silinda kuu hadi kalipa.

Pedi ya breki: bamba lenye tabaka la msuguano linalobana diski.

Silinda kuu: chumba cha pistoni inayosukumwa na mkono wa breki.

Sili: kipete cha mpira kinachozuia kiowevu kuvuja.

Swichi ya kukatia mota: swichi katika mkono wa breki inayokata umeme wa mota.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Twawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wazijaribu mbele ya wanafunzi wao, na wafasiri wazijaribu katika kazi zao, kisha watuandikie ni ipi iliyoeleweka na ipi iliyokwama. Watumishi wa serikali wanaoandika matangazo ya usalama barabarani na masharti ya ununuzi wa vipuri, nao twawaomba wasiandike "mafuta ya breki" bila kutaja aina.

Kuhusu ile rasimu, tuliirudisha kwa mfasiri pamoja na marekebisho, naye aliyapokea kwa moyo mwema. Sentensi yake sasa yasomeka hivi: "Kama kiowevu cha breki kimepungua, ongeza mafuta ya madini ya breki peke yake. Ukitia kiowevu cha DOT, sili zitaharibika na breki haitashika." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na haina uzuri wa pekee. Lakini fundi akiisoma, atajua ni chupa ipi ya kuchukua na ni ipi ya kuiacha rafuni.